Seva iliyoamka mwaka 2015

Umeme ulikatika Ijumaa usiku, tarehe 8 Machi 2024, tukiwa tumeshalala. UPS, betri ya akiba inayoibeba seva yangu ya ujumbe, hudumu dakika arobaini hivi, na giza lilikaa zaidi ya hapo. Alfajiri umeme ukarudi. Nilipoamka taa za rauta zilikuwa zinawaka na ya seva imezima. Nikabonyeza kitufe, nikasubiri feni ianze kuvuma, nikaenda kuoga.

Seva yenyewe ni kompyuta ndogo ya zamani iliyokaa chini ya meza. Ndani yake kuna mfumo endeshi wa Alpine Linux, na juu yake Prosody, programu inayoongea XMPP, ile itifaki iliyoanzishwa na Jeremie Miller mwaka 1999 kwa jina la Jabber. Seva hii niliianzisha mwaka 2019 kwa ajili ya ndugu zangu, na leo tuko ishirini na watatu. Niliichagua XMPP kwa sababu ni kama barua pepe: aliye kwenye seva yangu anaweza kuzungumza na aliye kwenye seva ya mtu mwingine, na hakuna anayelazimika kuhamia kwa mwenzake.

Saa tano asubuhi mama akapiga simu.

"Mwanangu, umeiona picha niliyokutumia?"

"Picha gani, mama? Sijaona kitu."

"Karatasi ya dawa za baba yako. Nimekutumia tangu asubuhi, nakuuliza ni kidonge kimoja au viwili, mpaka sasa hujanijibu."

Nikafungua simu. Ujumbe wake wa mwisho kwangu ulikuwa wa jana jioni, akinitakia usiku mwema. Nikamwomba anisomee karatasi, akasoma: moja, alama ya kuzidisha, mbili. Kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Alikuwa amesubiri jibu kwa zaidi ya saa mbili huku dawa ya asubuhi haijanywewa, akidhani mimi nimeuona ujumbe nikaupuuza. Hilo ndilo lililonifanya niache kila kitu nilichokuwa nacho siku ile. Nimewaaminisha watu wazima kwamba chombo hiki kinafikisha neno. Kikinyamaza, wao hawasemi seva imeharibika, wanasema mtoto wetu hatujali.

Kabla ya adhuhuri malalamiko yalikuwa matatu, na hayakufanana. La mama mnalijua. Binamu yangu, ambaye akaunti yake iko kwenye seva nyingine kabisa, aliniambia kwamba kila ninachomwandikia hakimfikii, na kweli kwangu ujumbe ulirudi na alama nyekundu. Na dada yangu akasema, "Kaka, simu yangu hailii kabisa. Nikiwa nimekaa kwenye kompyuta naona watu wanaandika kwenye kikundi, nikiichukua simu hakuna kitu." Nikajua nina magonjwa matatu. Nikaanza kuyatibu moja moja, na ndipo nilipopotezea mchana wangu.

Nilianza na yale ya kawaida. Je, Prosody imeamka? Imeamka. Poti 5222, ambayo simu huingilia, iko wazi? Iko wazi. Simu yangu imeunganishwa? Imeunganishwa, na haikulalamikia cheti cha usalama, kile kitambulisho cha seva chenye muda wake. Hapo nikafuta vyeti kwenye orodha ya washukiwa, na hilo ni kosa ambalo nataka kulieleza vizuri. Simu inapokagua cheti cha seva, inatumia saa ya simu. Saa ya simu yangu ilikuwa sawasawa, kwa hiyo cheti kilionekana kizuri. Ukaguzi ule haukuniambia lolote kuhusu seva yangu inavyoviona vyeti vya wengine.

Kisha nikashuku diski. Mashine iliyozimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuacha hifadhidata imevunjika, na mimi naweka mazungumzo yote kwenye hifadhidata ya SQLite. Nikaendesha `PRAGMA integrity_check`, ikajibu `ok`. Sikuridhika, nikaikagua diski yenyewe, nikapitia faili za nakala, nikalinganisha ukubwa. Saa nzima na nusu. Mwishowe nikautafuta ujumbe wa mama ndani ya jedwali la `prosodyarchive`, nikauona. Upo, mzima, pamoja na kiungo cha picha. Seva iliupokea, ikauhifadhi, na simu yangu ilipouliza haikupewa.

Kwenye mstari uleule kulikuwa na safu iitwayo `when`, inayoshika muda kwa kuhesabu sekunde tangu mwaka 1970. Namba yake ilianza na 1420. Namba za juzi yake zilianza na 1709. Zote zina tarakimu kumi, na jicho langu likazipita kama mtu anayepita mbele ya nyumba yake bila kuitazama. Logi za Prosody, yaani kumbukumbu za matukio yake, nazo zilikuwa zinaniambia: kila mstari ulianza na `Jan 01`, na sisi tulikuwa Machi. Lakini mtu akisoma logi akiwa na wasiwasi, anasoma upande wa kulia, kwenye maneno ya hitilafu, na tarehe inakuwa pambo tu. Tena logi hizo huandika mwezi na siku bila mwaka, kwa hiyo hakuna namba kubwa ya kukushtua.

Nikamgeukia binamu. Seva ikitaka kumfikishia ujumbe aliye kwenye seva nyingine, kwanza huuliza DNS, daftari la majina ya mtandao: seva ya kikoa hiki iko wapi? Halafu inaigongea, kwa kawaida kwenye poti 5269. Logi ilisema jina halipatikani. Nikaliuliza mwenyewe kwa amri ya `dig`, nikajibiwa `SERVFAIL`, yaani imeshindikana. Nikauliza jina jingine, hivyohivyo. Majina yote ya nje yalikuwa hayapatikani kutoka kwenye seva, ilhali kompyuta yangu ya mkononi, kwenye rauta ileile, ilikuwa inayapata yote.

Tofauti yao ni kwamba seva inatumia Unbound, programu ya kuulizia DNS niliyoiweka mimi mwenyewe, na Unbound hukagua saini za DNSSEC. Maana yake haikubali jibu la DNS kwa kuambiwa tu. Inadai saini, na saini ya aliyetia saini, mpaka kwenye mzizi wa DNS wenyewe, uliotiwa saini mwaka 2010. Nikaizima Unbound na kuiwasha, hakuna kilichobadilika. Nikarudia swali kwa `dig +cd`, ambayo humwambia mkaguzi asikague. Jibu likaja papo hapo. Kwa hiyo mtandao mzima, majina mazima, kinachokataa ni ukaguzi wa saini.

Hapo nilikuwa karibu kabisa, na bado sikuona. Nilidhani ufunguo wa mzizi uliohifadhiwa kwenye diski umeharibika umeme ulipokatika. Nilikuwa tayari kuufuta na kuupakua upya. Kabla ya hapo, kwa bahati, nikataka kujua kama seva ya binamu yangu iko hai. Nilikuwa na anwani yake kutokana na lile swali lisilokaguliwa, nikaigongea kwa mkono:

`openssl s_client -starttls xmpp-server -connect ...`

Ikajibu, na katikati ya maandishi mengi kulikuwa na mstari huu:

`verify error:num=9:certificate is not yet valid`

Cheti hakijaanza kutumika. Nikatazama tarehe ya kuanza kwake: Februari 2024, wiki tatu zilizopita. Nikasoma tena. Kitu kilichoanza wiki tatu zilizopita kinawezaje kuwa hakijaanza? Vyeti vilivyopitwa na muda ninavijua, vile vya siku 90 ambavyo mtu akisahau kuvihuisha vinamwaibisha. Kisichoanza sikuwahi kukutana nacho. Nikaandika neno moja ambalo ningeliandika asubuhi nikiwa bado nimesimama mbele ya feni ile:

`date`

`Thu Jan  1 11:20:41 UTC 2015`

Nilikaa kimya kidogo. Kisha kila kitu kikaanza kujipanga chenyewe, na nitaeleza jinsi kilivyojipanga, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu iliyonifurahisha hata katika uchovu ule.

Kwenye ubao mama kuna betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3. Kazi yake kubwa ni kuiendesha saa ya mashine wakati hakuna umeme wowote. Seva yangu haijawahi kukosa umeme kabisa kwa miaka. Hata ikizimwa, waya uko ukutani na saa inakula umeme wa ukutani. Betri ilikufa taratibu bila mtu kujua, kwa sababu hakuna aliyeihitaji. Usiku ule ikahitajika kwa mara ya kwanza. Haikuwepo. Saa ikaanguka, na umeme uliporudi ikaanza kuhesabu kutoka tarehe aliyoichagua mtengenezaji wa ubao: 1 Januari 2015.

Lakini kuna chrony, mtaniuliza, ambayo kazi yake ni kuuliza saa sahihi mtandaoni na kuirekebisha ya mashine. Ndiyo, ipo, na ilikuwa inaendeshwa. Ila seva za saa nilimwandikia kwa majina. Ili apate anwani zao anamwuliza Unbound. Unbound anakagua saini za DNSSEC, na kila saini ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa mashine iliyo mwaka 2015, saini zote za 2024 ni za siku zijazo, basi anazikataa. Majina hayapatikani, chrony hapati saa, saa haisahihishwi, saini zinaendelea kukataliwa. Mzunguko umejifunga, na ungebaki umejifunga hivyo mpaka mtu auguse kwa mkono. Nilipoandika `chronyc sources` orodha ilikuwa tupu. Vyombo viwili nilivyoviweka kwa uangalifu, kimoja kwa usalama na kingine kwa usahihi, vilikuwa vimeshikana makoo.

Kwa heshima ya wakati ule niseme hili: itifaki ya kuulizana saa, NTP, iliandikwa na David Mills, na waraka wake wa kwanza rasmi ulitoka mwaka 1985. Mzee huyo alifariki Januari 2024, miezi miwili kabla ya usiku wangu wa giza. Mpaka siku ile nilikuwa naichukulia kazi yake kama hewa.

Sasa magonjwa matatu yakawa moja. Binamu hakufikika kwa sababu majina hayapatikani, na hata yangepatikana, cheti cha seva yake kingekataliwa. Simu ya dada haikulia kwa sababu arifa ya kuiamsha simu iliyolala hupitia seva ya watengenezaji wa programu anayoitumia, nayo ni seva ya nje kama ya binamu. Na ujumbe wa mama? Ujumbe ukipita moja kwa moja kwa mtu aliye hewani haubandikwi saa, ndiyo maana dada aliona mazungumzo kwenye kompyuta. Ukimkuta mtu amelala, unakwenda kwenye hifadhi na kugongwa mhuri wa saa ya seva. Simu yangu ilipoamka iliuliza: nipe yote yaliyokuja tangu jana jioni. Hifadhi ikatazama mihuri, ikakuta ujumbe wa mama ni wa mwaka 2015, ikajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hakuna jipya.

Mkono wangu ulikuwa tayari kusahihisha saa palepale. Nashukuru niliuzuia. Prosody hufuta mazungumzo ya zamani kwa ratiba. Usipoiambia vingine huyaweka wiki moja, na mimi nimeiambia mwaka mmoja. Picha zilizopakiwa nazo zina muda wao. Ningerudisha saa kwenye 2024 na kuiacha ikiendelea, maneno yote ya siku ile yangehesabiwa kuwa na miaka tisa, na ufagio wa kwanza kupita ungeyazoa. Mtu anatengeneza saa, na kwa tendo hilohilo anachoma barua za siku nzima. Kama kuna kitu kimoja nataka msomaji mwenye seva kama yangu akichukue hapa, ni hiki: izime kwanza huduma ya ujumbe, ndipo uiguse saa.

Kwa hiyo nilizima Prosody. Nikanakili hifadhidata nzima mahali pengine. Halafu nikapima tofauti ya saa mbili, ya kompyuta yangu na ya seva, kwa mpigo mmoja:

`date +%s; ssh seva date +%s`

Ya kwanza ikasema 1709991732, ya pili 1420111512. Tofauti ni sekunde 289,880,220. Kwa kuwa saa ya seva ilikuwa inatembea vizuri, imekosea tu mahali ilipoanzia, tofauti hiyo ilikuwa ileile kwa kila ujumbe wa siku nzima. Seva nimeianzisha 2019, kwa hiyo chochote chenye mhuri wa kabla ya 2016 ni cha uongo:

`UPDATE prosodyarchive SET "when" = "when" + 289880220 WHERE "when" < 1451606400;`

Ilibadilisha mistari 214. Nikachukua ule wa mama, nikaigeuza namba yake kuwa saa: asubuhi ya Jumamosi, dakika chache baada ya mimi kutoka kuoga. Niliuangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa yenyewe haikuchukua dakika tano. Nikaiweka kwa mkono kwa `date -s`, ikaribiane tu, nikamwasha Unbound upya, naye akaanza kuzikubali saini kana kwamba hakuna kilichotokea. Chrony akapata anwani, akanyoosha sekunde zilizobaki. Nikawasha Prosody. Simu yangu ikauliza tena kilichokuja tangu jana jioni, na safari hii ikapewa: picha ya mama, swali lake, kisha ujumbe wake wa pili ambao hakunitajia kwenye simu, "Uko salama lakini?" Kwa binamu nikaandika neno moja la kujaribu, akajibu kabla sijaweka simu mezani.

Betri niliitoa siku iliyofuata. Multimita ilisoma volti 1.1. Nikaweka mpya, lakini betri mpya nayo ni ya kufa siku moja, kwa hiyo sikutaka kuishia hapo. Kwenye Unbound niliongeza mstari wa `domain-insecure` kwa ajili ya jina la seva za saa peke yake, ili jina hilo lisikaguliwe saini. Najua wapo watakaosema ni kulegeza usalama. Nimelipima: anayeweza kunidanganya kwenye jina hilo anaweza kunidanganya saa, na hilo ni baya, ila mashine isiyoweza kabisa kujua saa ni baya zaidi, na chrony anauliza seva kadhaa na kuzilinganisha. Wengine huandika anwani ya seva ya saa kwa tarakimu badala ya jina. Hiyo nayo inafanya kazi mpaka siku anwani itakapobadilika, nami nisingependa kuachiwa bomu la namna hiyo na mimi mwenyewe wa mwaka huu.

La pili, Prosody sasa haiamki mpaka `chronyc waitsync` irudi na kusema saa imepatikana. Nikifikiri sasa, hili ndilo muhimu kuliko betri. Huduma isiyowaka inaonekana mara moja, watu watapiga simu, nami nitainuka. Huduma inayowaka huku inagonga mihuri ya uongo inamfanya mama asubiri saa mbili akiamini ameshasema.

Jumapili jioni niliijaribu. Nikaizima seva vizuri, nikachomoa waya, nikatoa betri mpya, nikasubiri robo saa, nikarudisha waya bila betri na kubonyeza kitufe. Kwenye skrini tarehe ilisoma 2015, kama nilivyotarajia, na Prosody ilikuwa imesimama ikisubiri. Baada ya muda mfupi tarehe ikaruka hadi Machi 2024. Ndipo Prosody ikaamka. Nikazima kila kitu tena, nikarudisha betri mahali pake, nikawasha, kisha nikampigia mama nikamwomba anitumie ujumbe wowote, simu yangu ikiwa imelala mfukoni.

Ikalia. Alikuwa ameandika, "Baba amekunywa cha jioni." Saa iliyokuwa pembeni ya maneno hayo ilikuwa sawa na ya ukutani.